Malick Sidibé wa Bamako: Tanzu za picha na historia ya mwanga

1. Utangulizi

Kiswahili husema kupiga picha, kama kisemavyo kupiga hodi, kupiga pasi au kupiga mbizi. Kitenzi hiki, kinapofuatana na nomino, hutaja tendo zima bila kueleza hatua zake. Anayesikia kwamba fulani amepiga picha hafikirii saa alizongoja, taa aliyoisogeza, wala filimu aliyoiosha gizani. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya picha kuwekwa katika vitabu vya historia kama pambo la ukurasa: msomaji huambiwa nani yumo pichani na mwaka gani, lakini haambiwi mwanga uliomwonyesha mtu huyo ulitoka wapi.

Makala haya yanachukua mfano wa Malick Sidibé, mpigapicha wa Bamako nchini Mali, aliyefariki tarehe 14 Aprili 2016. Yanakusudia kuonyesha kwamba kila alipoingia katika utanzu mpya wa picha, Sidibé alipaswa kujifunza mwanga mpya. Na kwamba mwanga huo haukuamuliwa na ufundi peke yake. Bei ya vifaa, saa za starehe za wateja na siasa ya nchi vilikuwa na sehemu yao katika uamuzi huo. Ikiwa ni hivyo, mwanga ulio ndani ya picha waweza kusomwa kama hati ya historia.

2. Kutoka usonara hadi kamera

Sidibé alizaliwa yapata mwaka 1935 katika kijiji cha Soloba, kusini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Sudani ya Kifaransa, katika jamaa ya Wafulani. Shuleni alijulikana kwa kipawa cha kuchora. Kipawa hicho kilimfikisha Bamako mwaka 1952, katika shule ya mafundi wa Sudani, ambako alihitimu usonara mwaka 1955. Mwaka huohuo aliitwa kupamba duka la mpigapicha Mfaransa, Gérard Guillat, aliyejulikana mjini kwa jina la utani la Gégé la Pellicule. Mapambo yalipokwisha, kijana alibaki dukani kama mwanafunzi wa kazi.

Guillat hakuwa mwalimu wa darasani. Sidibé alijifunza kwa kumtazama akifanya kazi, jinsi mwanagenzi yeyote wa Kiafrika anavyojifunza kwa fundi wake. Mgawanyo wa kazi ulifuata mipaka ya koloni: Mfaransa alikwenda kwenye sherehe za Wazungu, na msaidizi wake akaenda kwenye arusi na ubatizo wa Waafrika. Mwaka 1956 Sidibé alinunua kamera yake ya kwanza, Brownie Flash. Ilikuwa kamera sahili, yenye nafasi ndogo sana ya kurekebisha kiasi cha mwanga. Taa yake ilitumia balbu ambayo huwaka mara moja tu, kisha hutupwa. Kwa mtu wa kipato kidogo, kila balbu ilikuwa fedha iliyoungua. Mpigapicha wa namna hiyo hujifunza mapema kutazama sana kabla ya kubonyeza.

Mwaka 1958 alianza kujitegemea, na jina la Studio Malick likashikamana na mtaa wa Bagadadji.

3. Mwanga wa mchana wa Seydou Keïta

Ili kuelewa hatua iliyofuata, yafaa kumkumbuka mtangulizi wake mjini humo, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mwaka 1948 katika mtaa wa Bamako-Koura. Keïta alitumia kamera kubwa ya filimu za sentimita 13 kwa 18, akawapiga wateja wake mara nyingi uani, kwa mwanga wa jua, mbele ya kitambaa kilichotundikwa ukutani. Filimu ilikuwa ghali. Kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja.

Mwanga wa mchana una adabu yake. Hauna gharama, lakini una saa. Unapotua juu ya mtu aliyekaa kivulini, hugusa uso wake polepole kutoka upande mmoja, na kuonyesha nyuzi za vazi, vito vya shingoni na mikunjo ya vidole. Ni mwanga unaomtaka mtu atulie. Basi si ajabu kwamba picha za Keïta zina utulivu na fahari: wateja walikuja wakiwa wamejiandaa, na jua likawapa nafasi ya kuonekana jinsi walivyotaka. Keïta alifikia upeo wa ustadi ndani ya utanzu mmoja na mwanga mmoja. Mwaka 1962 aliitwa kufanya kazi ya picha serikalini, na studio yake ikaacha pengo.

4. Usiku wa vijana na mwanga wa mmweko

Mali ilipata uhuru tarehe 22 Septemba 1960. Vijana wa Bamako walianzisha vilabu vyao vya dansi, wakacheza twist, rumba na chacha kwenye nyua za nyumba, hasa usiku wa Jumamosi. Huko mwanga wa Keïta haukuweza kufika. Mpigapicha aliyetaka utanzu huo alipaswa kubeba mwanga wake mkononi.

Mmweko, yaani taa inayowaka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, una kanuni kali. Nguvu yake hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: aliye mita 4 kutoka kwenye taa hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 2. Aliye karibu mno hupauka; aliye mbali humezwa na giza. Zaidi ya hayo, shati jeupe hurudisha mwanga mwingi kuliko ngozi nyeusi. Mpigapicha akipima kwa kufuata shati, uso hupotea. Akipima kwa kufuata uso, shati huwa doa jeupe lisilo na mshono. Tena hana nafasi ya kuona matokeo kabla ya kuosha filimu. Kwa hiyo Sidibé alipaswa kujua umbali kwa jicho, kukaribia wachezaji bila kuwavuruga, na kubashiri hatua yao inayofuata.

Usiku mmoja aliweza kuzungukia karamu kadhaa kwa baiskeli, kisha kurudi studio kuosha filimu. Picha ndogo zilibandikwa kwenye kadi, zikapewa nambari, zikawekwa mahali pa kuonekana. Siku zilizofuata vijana walikuja kujitafuta na kuagiza nakala. Jumapili aliwafuata kwenye ukingo wa mto Niger, ambako jua kali na maji yanayong'aa vilimdai ustadi mwingine.

Picha yake inayojulikana zaidi, Nuit de Noël, ni ya mwaka 1963. Kijana mwenye suti nyeupe na binti asiye na viatu wanacheza nje, vichwa vyao vikikaribia kugusana. Mmweko umewatenga na usiku uliowazunguka, kana kwamba uwanja wote ni wao. Msomaji wa haraka atasema kwamba hiyo ni picha ya furaha, na atakuwa amesema kweli. Lakini giza lililo nyuma yao nalo lina maana: nguvu ya taa moja ya mkononi iliishia hapo, na vijana hao walikuwa wamejitafutia mahali pa kuonekana nje ya nuru rasmi. Serikali ya Modibo Keïta, iliyofuata njia ya ujamaa, haikuwatazama kwa jicho jema vijana walioiga mavazi na muziki wa ng'ambo. Picha zilihifadhi kile ambacho hotuba za wakati huo hazikukitaja.

5. Kukatika kwa usiku na kurudi studio

Tarehe 19 Novemba 1968 jeshi, chini ya Moussa Traoré, liliipindua serikali. Utawala mpya ulibana mikusanyiko ya usiku, na katika miaka ya 1970 karamu za vilabu zilififia. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapoonekana wazi. Mwanga wa mmweko haukupungua katika kazi ya Sidibé kwa sababu alichoka nao. Ulipungua kwa sababu usiku wenyewe ulikuwa umefungwa. Anayezipanga picha hizo kwa miaka, akiangalia mwanga tu na kuacha nyuso, ataona mahali siasa ilipoingia.

Studio ikawa tegemeo. Humo Sidibé alitumia taa za umeme, tofauti na Keïta wa uani. Taa humwachia fundi uamuzi wote: iwekwe juu au chini, upande upi wa uso ubaki kivulini, kitambaa cha nyuma kimulikwe au kiachwe. Wateja walikuja wakati wowote, hata usiku, na pikipiki zao, redio zao, kondoo wao. Aliwapanga mbele ya kitambaa chenye mistari, akiuhamishia ndani ya chumba uchangamfu alioujua kwenye dansi. Picha za vitambulisho na utengenezaji wa kamera zilizoharibika zilimsaidia kulisha jamaa.

Wala hakukoma kupanua kazi yake. Baada ya mwaka 2000 alipiga mfululizo wa picha za watu waliogeuza mgongo, ambamo mwanga huchora mabega na vitambaa bila msaada wa uso. Mwaka 2010, akiwa na zaidi ya miaka 70, alipewa tuzo ya kwanza katika kitengo cha sanaa na burudani cha World Press Photo kwa picha za mitindo ya mavazi. Kabla ya hapo alikuwa amepata tuzo ya Hasselblad mwaka 2003, na Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007, akiwa Mwafrika wa kwanza na mpigapicha wa kwanza kupewa heshima hiyo kwa kazi ya maisha yake yote.

6. Picha za nani?

Sifa hizo zilileta swali lisiloepukika. Picha iliyobandikwa kwenye kadi kwa nambari ilikuwa ya kijana aliyeiagiza. Ilikwenda nyumbani kwake, ikatiwa albamuni. Baada ya maonyesho ya Fondation Cartier, Paris, mwaka 1995, picha za asili ileile zilichapwa kwa ukubwa, zikatundikwa kwenye kuta za majumba ya sanaa na kuuzwa kwa watu wasiomjua aliyemo. Kumbukumbu ya jirani ikawa mali ya soko. Faida ilikuwepo: kazi ilihifadhiwa na jina la fundi likapata haki yake. Hata hivyo, mtazamaji wa Ulaya huona mtindo mahali ambapo mtu wa Bagadadji angemtambua shangazi yake.

Jambo hili linaihusu Kongo moja kwa moja. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928 na kufariki mwaka 1997, aliuzunguka usiku wa Léopoldville akiwa na mmweko wake, na tangu 1954 alikuwa mpigapicha rasmi wa mwanamuziki Franco. Huko Lubumbashi, biennale iliyoanza mwaka 2008 ilijipa jina la Kiswahili, Picha. Lakini nje ya majina hayo wamo mafundi wa studio za mitaani huko Bukavu, Goma, Kisangani na Lubumbashi, ambao masanduku yao ya filimu yameliwa na unyevu au kupotea katika uporaji na vita.

Mwanafunzi wa historia au wa isimu anayekwenda kuwahoji wazee hao asiishie kuuliza ni nani aliyemo pichani. Amwulize fundi taa yake ilitoka wapi, balbu iligharimu kiasi gani, umeme ulikatika saa ngapi, na ni mwaka gani alipoacha kutoka usiku. Aandike pia maneno ambayo mzee atatumia kutaja mwanga, kivuli, kupauka na kuungua kwa filimu, maana msamiati huo wa kazi haumo katika kamusi zetu nyingi, na wanaoujua wanapungua kila mwaka.