Ateri za ubongo zinapotanuka kupita kiasi

KIHARUSI hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa sababu ateri imeziba au imepasuka. Ateri iliyotanuka kupita kiasi inaweza kuleta madhara yote mawili.

Utanukaji huo ni wa aina mbili kuu. Ya kwanza ni anyurizimu, ambapo ukuta wa ateri hudhoofika mahali pamoja na kuvimba mfano wa kifuko. Hujitokeza zaidi ateri zinapogawanyika chini ya ubongo. Inakadiriwa kuwa watu wazima watatu hivi katika kila 100 wana uvimbe huo, na wengi wao huishi bila dalili yoyote. Ukipasuka, damu humwagika kuuzunguka ubongo.

Aina ya pili ni dolikoektasia, ambapo ateri hutanuka, kurefuka na kupindapinda. Huathiri sana ateri ya basila, inayolisha shina la ubongo, nayo huhesabiwa kuwa imetanuka kipenyo chake kinapozidi milimita 4.5. Damu hupita humo polepole na huweza kuganda, kisha bonge likaziba vijiateri vya mbele.

Shinikizo la juu la damu huchangia aina zote mbili. Uvutaji wa sigara nao huongeza hatari ya anyurizimu, sawa na kuwa na jamaa wa karibu waliowahi kuugua.

Dalili kuu ya anyurizimu iliyopasuka ni maumivu makali ya kichwa yanayozuka ghafla na kufikia kilele chake kwa muda mfupi mno. Mgonjwa huweza kutapika, kukakamaa shingo au kuzirai. Kumeza dawa ya maumivu na kulala ni hatari, kwani uvimbe huweza kuvuja tena katika saa 24 za kwanza, na mara hiyo ya pili huua wengi zaidi. Mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja na kupigwa picha ya ubongo.

Mwaka wa 1937, daktari Walter Dandy wa Marekani alifunga shingo ya anyurizimu kwa kibanio. Tangu miaka ya 1990, madaktari pia huijaza kwa nyuzi laini za platini zinazopitishwa katika ateri ya paja.

Dolikoektasia haina tiba rahisi ya upasuaji. Kinga iliyo karibu na kila mtu ni kupimwa shinikizo la damu na kulidhibiti.