Resi ya kidole gumba kwa kwadi: Jinsi ya kuitoa na kuweka ya kuzungusha kama ya nduthi

Kama umezoea nduthi halafu ushikishwe kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, mkono wa kulia utachanganyikiwa mara moja. Hakuna kitu ya kuzungusha. Kuna kijiti kidogo tu chini ya usukani, unakisukuma na kidole gumba. Piga nayo raundi moja kwa mchanga wa mto Tiva kule Kitui ama Thwake kule Makueni ukiwa umekausha, halafu uniambie hicho kidole kinaskiaje.

Hapo ndio wasee huuliza: si nitoe hii kitu niweke resi ya nduthi? Inawezekana. Fundi poa wa nduthi hapo Kitui, Mwingi, Wote ama Emali anaeza ifanya. Lakini kampuni hazikuweka kidole gumba juu ya ushamba. Jua sababu kwanza, ndio ujue kama hii kazi ni yako.

Kwa nini kidole gumba?

Ukifungua resi, mashini inaruka mbele na mwili wako unabaki nyuma. Mikono inanyooka, unashikilia usukani usianguke. Kwa resi ya kuzungusha, ukivutwa nyuma hivyo kiwiko kinashuka, ngumi inazunguka, na resi inafunguka zaidi. Mashini inakimbia zaidi, unavutwa zaidi, unafungua zaidi. Ni sekunde 2 tu na uko kwa mwamba.

Kidole gumba kinafanya kinyume. Ukirushwa nyuma, kidole kinatoka kwa kijiti, springi inafunga resi na mashini inapoa. Unaeza kamata usukani na nguvu zako zote bila kugusa resi.

Kitu ya pili, kwadi haiinami kwa kona kama nduthi. Wewe ndio unahamisha mwili na kusukuma usukani kwa nguvu, so ngumi inabadilisha pembe kila saa. Ile mashini ya kupita juu ya theluji pia inaendeshwa hivyo. Ski-Doo ya Joseph-Armand Bombardier ilianza kuuzwa Canada mwaka wa 1959, na hadi leo mashini za aina hiyo nyingi zinatumia kidole gumba. Na kule pia kuna watu wanaitoa kwa sababu kama zetu.

Kwa nini basi watu wanabadilisha?

Sababu kubwa ni uchovu. Kwa mchanga huwezi achilia resi, ukiachilia unazama. Kidole kimoja kikisukuma springi saa nzima, kinaanza kuuma hadi kwa kifundo cha mkono. Kuzungusha kunatumia mkono wote. Mwenye kidole kiliwahi vunjika ama kina ugonjwa wa viungo anaeza kosa njia ingine kabisa.

Ya pili ni mazoea. Mtu wa nduthi, akili yake ya dharura iko kwa kuzungusha.

Nani asijaribu?

Kwadi ya mtoto, hapana. Kile kisanduku cha kidole gumba mara nyingi kina skrubu ya kuzuia resi isifunguke yote. Mzazi anaikaza ndio mtoto asikimbie. Ukitoa kisanduku, skrubu imeenda nacho na mtoto amebaki na spidi yote.

Kama kwadi inatumika kwa mawe na miinuko, tuseme unaishi Mbooni ama Kilungu, fikiria mara mbili. Hapo ndio unarushwa rushwa na hapo ndio kidole gumba kinakuokoa. Mchanga na barabara tambarare ndio mahali kuzungusha kunalipa.

Na kama resi yako haina waya wa chuma, inatuma tu umeme kwa kompyuta ya injini, usiguse. Hiyo haichukui mpini wa nduthi.

Vitu unahitaji

- Mpini wa resi wa nduthi ukiwa kamili: bomba la plastiki, nyumba yake na gripu zote mbili.
- Waya wa resi wenye urefu sawa na ncha zinazoingia pande zote mbili, kwa mpini na kwa kabureta.
- Swichi ya kuzima injini yenye kamba ya kufunga kwa mkono. Usiache hii nyuma ati umeisha doh.
- Rula, spana, bisibisi na alenki.

Kwadi ndogo za China za 110cc na 125cc zina kabureta zinazofanana sana na za nduthi ndogo, so waya kupatikana si ngori. Beba waya wa zamani kwa duka la spea, uweke kando ya mpya mlinganishe. Usinunue kwa kukisia.

Kazi yenyewe

1. Pima kwanza. Injini ikiwa imezimwa, sukuma kidole gumba hadi mwisho na upime waya umevutwa milimita ngapi. Andika. Mpini mpya lazima uvute hizo milimita ama zaidi kidogo. Ukivuta chache, kabureta haifunguki yote na kwadi itakosa nguvu ukiwa mlimani.

2. Toa gripu ya kulia na kisanduku cha kidole gumba. Kama swichi zimeshikana nacho, chora ama piga picha waya zote kabla ya kuchomoa.

3. Safisha bomba la usukani hadi liwe laini. Kutu ama gundi ya gripu ya zamani itashika mpini mpya. Usipake grisi hapo. Vumbi ya Ukambani ikikutana na grisi inakuwa msasa, na baada ya wiki resi inarudi polepole. Iache kavu.

4. Ingiza mpini, lakini usiusukume hadi ugonge mwisho wa usukani. Acha nafasi kidogo ndio uzunguke bila kusugua. Breki ya mbele iwe mahali vidole vinafika bila kunyoosha mkono.

5. Pitisha waya kwa mkunjo mpana, mbali na ekzosi, na usibanwe usukani ukigeuka. Waya ukikunjwa vikali, nyuzi zinaanza kukatika moja moja ndani na huzioni.

6. Rekebisha ulegevu. Kwa nduthi nyingi mpini unazunguka bure milimita 2 hadi 6 kabla ya kuanza kuvuta. Bila huo ulegevu, waya unabaki umekazwa na injini inanguruma yenyewe.

Fundi akitaka kufunga fundo kwa waya ama kubandika kichwa kipya na risasi ya haraka haraka, mwambie asante, utatafuta waya wa saizi yake. Hicho kichwa kikichomoka, unaishiwa na resi katikati ya mto. Kikikwama ndani ya nyumba ya mpini resi ikiwa wazi, hiyo sasa ni hatari ya ukweli.

Jaribu kabla ulipe

Injini ikiwa imezimwa, fungua resi yote halafu uachilie. Lazima irudi yenyewe na sauti, tak. Geuza usukani kushoto hadi mwisho, rudia. Kulia hadi mwisho, rudia. Ikirudi polepole hata mara moja, kazi haijaisha.

Sasa washa injini, gia ikiwa nyutro na breki imeshikwa. Geuza usukani pande zote mbili bila kugusa resi. Mlio ukipanda, waya ni mfupi ama umebanwa. Mwisho, vuta ile kamba ya mkono. Injini izime hapo hapo.

Na za stima je?

Baiskeli na skuta za umeme nyingi pia huja na kidole gumba, na kubadilisha ni rahisi kuliko kwadi. Mara nyingi kuna waya 3: nyekundu inaleta volti 5, nyeusi ni ya kurudi, na ya tatu, mara nyingi kijani, inapeleka ujumbe kwa kontrola. Ukiwa umeachilia, huo ujumbe uko karibu volti 1. Ukifungua yote, unapita volti 3.5.

Zima betri kabla ya kuchomoa kitu, na usiamini rangi pekee, pima na mita. Ile nyeusi ikikatika, kontrola isiyo na ulinzi inaeza dhani umefungua resi yote. Jaribio la kwanza lifanywe gurudumu likiwa limeinuliwa juu.

Maswali ya haraka

Naeza jifanyia mwenyewe? Kama umewahi badilisha waya wa klachi wa nduthi na ukashika, ndio. Kama hapana, kaa na fundi uangalie.

Kidole gumba cha zamani nitupe? Weka. Ukiuza kwadi ama ukiona kuzungusha hakukufai, unarudisha.

Bima itasema nini? Uliza kabla, si baada ya ajali. Kubadilisha mashini bila kuwaambia kunaeza wapa sababu ya kukataa kulipa.

Nikishabadilisha, naanzia wapi? Mahali tambarare, peke yako, spidi ya chini, kamba ikiwa kwa mkono. Ukianza kuvutwa nyuma, achilia mpini, usiukamate zaidi. Rudia hadi mkono uzoee, halafu sasa ndio ushuke mtoni.