Mwomboko Haukuzaliwa Muthaiga

Kila wazee wa Kiambu na Murang'a wanapoingia uwanjani siku ya sherehe ya kitaifa, wanaume na kofia na makoti yao, kuna mtangazaji atakayetukumbusha kwamba mwomboko ni dansi ya Waskoti ambayo Wakikuyu waliiga kutoka kwa mabwana wao. Mwingine atasema ni waltz, mwingine polka. Madai haya yamesemwa mara nyingi hadi hakuna anayeyaulizia ushahidi.

Tuanze na miguu. Mwomboko ni hatua mbili, kisha unainama, mwanamume na mwanamke wakielekeana. Anayetaka waltz anahesabu tatu. Mwingine anaupa mwinamo mapigo mawili, anapata nne. Hesabu ya hatua haimalizi ubishi. Magoti ndiyo yanayosema. Waltz huzunguka, polka hupiga hatua tatu za haraka na kuruka kidogo, lakini mwomboko hushuka. Uzito wote wa mchezo uko chini, na hakuna setla aliyewahi kumfundisha Mkikuyu kukunja goti lake.

Polka yenyewe, kwa ufupi, ilitokea Bohemia katika miaka ya 1830, ikaishika Paris kwa wazimu mwaka 1844, na Johann Strauss wa pili akaiandikia okestra za Vienna. Huko ziko za mbio, kama "Unter Donner und Blitz" ya 1868, na ziko za mwendo wa taratibu zilizoitwa za Kifaransa. Aliyezoea ile ya mbio atacheka akiambiwa mwomboko ni jamaa yake. Ile ya taratibu inastahili subira zaidi.

Ila tuulize undugu huo ungepitia wapi. Hapa Kalimoni, kwenye ardhi ya Juja kati ya Ruiru na Thika, historia ya masetla haihitaji kutafutwa mbali. Juja ilikuwa shamba la setla McMillan, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alilala kwake mwaka 1909. Reli ilifika Thika 1913, na mwaka huohuo ukiisha Muthaiga Club ikafunguliwa Nairobi. Masetla walicheza huko. Mwafrika aliingia na trei. Nakubali kwamba mtu mwenye trei ana macho, lakini dansi nzima ya wilaya mbili haijengwi kwa kuchungulia.

Waskoti ambao Wakikuyu waliwajua kwa karibu zaidi walikuwa wamishenari wa Thogoto na Tumutumu, na hao hawakuja kufundisha ngoma. Mwaka 1929, katika mgogoro wa tohara ya wasichana, ndio waliowataka waumini kutia kidole gumba kwenye ahadi ya kuikataa tohara hiyo, ile kirore. Vijana wakawajibu kwa Mũthĩrĩgũ, ngoma ya matusi na siasa ambayo serikali iliipiga marufuku mapema 1930. Mwomboko ulipata nguvu miaka iliyofuata. Anayeandika historia yake kwa kuanzia ukumbi wa Mskoti ameruka mlango wa kanisa lake.

Maoni yanayoanzia kwa askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, vilivyoiachia Nairobi jina la Kariokor, nayapa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu yanatupeleka kwenye chombo cha mwomboko, kodiani. Wajaluo wanaiita kodiani onanda, kutokana na kinanda, na kwao pia ilizaa muziki ambao hakuna anayedai uliletwa na Waskoti. Chukua kodiani ndogo ya vitufe. Kila kitufe cha mkono wa kulia kina sauti mbili: ukisukuma mivukuto unapata moja, ukivuta unapata nyingine. Mkono wa kushoto una vitufe vichache tu vya besi na kodi. Bonyeza kimoja, kisha cha pili, kisha rudi, na tayari una um-pa, um-pa ya polka kabla hujafundishwa na mtu. Kiwanda ndicho kilichoipanda humo. Kando yake karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa kipande cha chuma, ndiyo inayoshika mwendo na kumkataza mpigaji kukimbia.

Kadhalika ufunguo. Kodiani ya safu moja imetengenezwa katika ufunguo mmoja wa meja. Mpigaji hawezi kuuhamisha, kwa hiyo mwimbaji ndiye anayeinua au kushusha sauti yake kuufuata. Wanakwaya wetu hufundishwa kwamba meja ni furaha na maina ni huzuni, na nadhani ndiyo sababu wengi husikia mwomboko wakaona kichekesho cha wazee. Lakini katika meja hiyohiyo mtu huomboleza, hukejeli na huonya. Hisia ziko kwenye maneno na kwenye koo.

Miaka ya Hali ya Hatari naiacha. Ina waandishi wake. Mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, waliigiza "Ngaahika Ndeenda" ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na ndani yake mume na mke wanaukumbuka ujana wao kwa kucheza mwomboko. Mchezo ulianza Oktoba. Serikali iliondoa kibali Novemba. Kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Serikali hiyo, kwa makosa yake yote, haikudhani watu wa Limuru wanaiga Waskoti.