Mfumo wa sauti wa gari

Mfumo wa sauti wa gari ni mkusanyiko wa vifaa vinavyotumika kusikiliza redio, muziki na sauti nyingine ndani ya gari. Kwa kawaida huwa na redio iliyo kwenye dashibodi, amplifaya, spika na nyaya zinazoviunganisha. Ubora wa sauti hutegemea jinsi vifaa hivyo vinavyolingana na vilivyofungwa, pamoja na umbo la gari lenyewe. Kwa sababu hiyo, marekebisho madogo ya ufungaji mara nyingi huleta faida kubwa kuliko kununua spika yenye wati nyingi.

Historia

Mwaka 1930 kampuni ya Galvin ya Chicago, Marekani, ilianza kuuza redio ya gari kwa jina la Motorola, ambalo baadaye likawa jina la kampuni yenyewe. Kaseti iliyobuniwa na Philips mwaka 1963 iliwawezesha madereva kusikiliza muziki wanaouchagua wenyewe. Mwaka 1984 Pioneer ilitoa kicheza CD cha gari. Siku hizi muziki mwingi hutoka kwenye simu kwa njia ya USB au Bluetooth.

Chanzo cha sauti

Kasoro iliyo kwenye chanzo haiwezi kuondolewa na spika nzuri. Faili la muziki lililobanwa sana hupoteza sehemu ya sauti zake, hasa zile nyembamba.

Katika Afrika Mashariki kuna tatizo jingine. Magari mengi huletwa yakiwa yametumika Japani, ambako redio za FM zilitengenezwa kupokea kati ya MHz 76 na 90, ilhali vituo vya Afrika Mashariki hutumia MHz 87.5 hadi 108. Mafundi hufunga kifaa kidogo kwenye waya wa antena ili kushusha masafa, lakini kifaa hicho kinaweza kuongeza mivumo na kwa kawaida hakifikishi vituo vyote. Kubadilisha redio huondoa tatizo hilo kabisa.

Nguvu

Redio nyingi huandikwa "wati 50 × 4". Namba hiyo ni ya kilele tu. Betri ya gari ni ya volti 12, na injini ikiwa inafanya kazi umeme hufikia takriban volti 14.4. Kwa spika ya omu 4, ambayo ni ya kawaida kwenye magari, redio isiyo na kifaa cha kupandisha volti haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi za sauti safi kwa kila spika. Sauti ikipandishwa zaidi, vilele vya mawimbi hukatwa, muziki hukwaruza na spika ndogo za sauti nyembamba zinaweza kuungua.

Amplifaya ya pembeni hupandisha volti na hivyo kutoa nguvu zaidi. Hata hivyo, kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu huhitajika takriban mara kumi ya nguvu ya mwanzo. Kirekebishi cha kiwango cha kuingiza sauti kwenye amplifaya hakikuwekwa ili kuongeza nguvu. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio. Kikifunguliwa kupita kiasi huleta mikwaruzo.

Spika na mahali pake

Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Mawimbi hayo mawili ni kinyume, na yakikutana hufutana, hasa yale ya besi. Mlango wenye matundu ndani huruhusu jambo hilo. Fundi huziba matundu na kubandika tabaka zito la mpira kwenye bati ili lisitetemeke. Vilevile, nyaya za chanya na hasi zikigeuzwa kwenye spika ya upande mmoja, besi hupungua sana, na kurekebisha kosa hilo hakuna gharama.

Spika ndogo za mlangoni hazifai kwa besi nzito. Sauti zilizo chini ya hezi 80 hivi huelekezwa kwenye sabufa, na spika za mlangoni hubaki na kazi nyepesi.

Dereva hukaa karibu na spika za upande mmoja. Tofauti ya sentimita 60 hufanya sauti ya spika ya mbali ichelewe kwa takriban milisekunde 1.7, na muziki huonekana kutoka upande mmoja. Redio nyingine huweza kuchelewesha spika ya karibu ili sauti zifike pamoja.

Nyaya na usalama

Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini mara nyingi husababishwa na waya wa ethi uliofungwa vibaya. Ethi hufungwa kwenye bati lililokwanguliwa rangi, na waya wa umeme hupitishwa mbali na nyaya za sauti.

Waya wa umeme wa amplifaya lazima uwe na fyuzi karibu na betri, kwa kawaida ndani ya sentimita 45. Ganda la waya likichubuka na kugusa bati, fyuzi iliyo kwenye amplifaya haiwezi kukata umeme kati yake na betri, na gari linaweza kuwaka moto.

Afya ya masikio

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwenye desibeli 90 muda huo ni saa 4 tu. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaokaa kwenye kelele kutwa, kama vile madereva na makondakta wa matatu na daladala zenye muziki mkubwa. Usikivu uliopotea kwa kelele kwa kawaida haurudi.

Tazama pia

Amplifaya
Desibeli
Redio
Spika