Kazi Kambini: Tulivyojitafutia Riziki Tangu 1996



Jarida la kumbukumbu lina desturi ya kueleza jinsi tulivyokimbia: vita, ziwa, mahema na foleni ya kwanza ya unga. Habari hizo wazee wetu huzieleza vizuri kuliko sisi. Safari hii tumeona tuandike juu ya jambo lisilopigiwa ngoma siku ya sherehe, nalo ni kazi. Mkimbizi alifanya kazi gani ili aishi? Alianza na mtaji gani? Na mlango ulipofungwa alipitia wapi? Tunawaandikia hasa vijana wanaomaliza sekondari zetu kila mwaka, halafu wanakuja kutuuliza: "Mwalimu, sasa tufanye nini?"

Watu wa Fizi, Baraka na Uvira ni wakulima wa muhogo, wavuvi na wachuuzi wa ziwani. Vita vilipowafikia Oktoba 1996 walivuka Tanganyika kuingia Kigoma, na mwezi Novemba kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 1997 ikafunguliwa Lugufu, ambayo ilifungwa mwaka 2009 na watu wake wakaletwa huku. Sisi tunaoandika tulikuwa watoto wadogo, wengine bado mgongoni. Mvuvi alijikuta katikati ya msitu, mbali na maji. Mkulima alipewa mahali pa kujenga nyumba, na pembeni kipande cha kupanda mchicha.

Hapo ni lazima tuwakumbuke waliotutangulia. Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliingia nchi hii hii, lakini hawakuwekwa kambini kama sisi. Walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na kila kaya ikapewa shamba. Walilima mahindi, maharage, muhogo na tumbaku. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Baadaye zaidi ya 160,000 kati yao wakapewa uraia wa Tanzania. Je, walikuwa hodari kuliko sisi? Hatuamini hivyo. Walikuwa na ardhi, na walikuwa na njia ya kufikisha mazao yao sokoni.

Kwa nini sisi hatukupata hayo? Sababu haikuwa chuki ya wenyeji, kama wengine wanavyopenda kusema. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka mingi ya dhiki ya uchumi, na Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa 24 hivi. Hakuna wilaya inayoweza kupokea mzigo wa namna hiyo ikabaki kama ilivyokuwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ikaweka msimamo mpya: mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila kibali, na asifanye kazi ya kuajiriwa bila kibali. Nasi tulikulia ndani ya sheria hiyo.

Na majirani zetu Waha wanaijua hadithi ya kutafuta kazi wakati mgumu. Enzi za ukoloni babu zao walitoka Kigoma kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alihesabiwa kwa namba. Mzee wa Kiha akimwona kijana wa kambi akipita na jembe begani kutafuta kibarua, hahitaji kuelezwa.

Sasa tuje kambini kwenyewe. Mtaji wa kwanza wa mkimbizi ulikuwa mgawo wake. Mama alipokea mahindi. Sehemu akamwachia mwenye mashine kuwa malipo ya kusaga, sehemu akauza, akanunua unga wa muhogo, dagaa na chumvi. Wageni waliokuja kutazama waliona mahindi yanauzwa, wakaandika kwamba wakimbizi wanapata chakula kupita kiasi. Hawakuuliza mtoto anakula sombe kwa chumvi ipi, au sabuni inatoka wapi. (Sombe ndiyo wenyeji wanaiita kisamvu. Katika jambo hilo angalau hatujakubaliana mpaka leo.) Mama aliyegeuza kilo tatu za mahindi kuwa kisado cha dagaa, akauza dagaa kwa mafungu, akarudi wiki ya pili na mtaji uliokua kidogo, huyo ndiye mfanyabiashara wa kwanza wa kambi hii, na jina lake halimo katika ripoti yoyote.

Baada yake walikuja mafundi. Matofali yalifyatuliwa mahema yalipochakaa. Fundi cherehani alikaa barazani akishona sare za shule na vitenge. Walikuwapo vinyozi, mafundi baiskeli, maseremala, wasuka mikeka, na miaka ya karibuni wenye sola wanaochaji simu kwa malipo. Siku za soko watu wa Makere na vijiji vingine walileta ndizi, muhogo na dagaa, wakanunua mafuta na nguo kwetu. Soko hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko miradi mingi tuliyoletewa, kwa sababu lilileta fedha kutoka nje ya kambi. Mafundi kumi wakishoneana nguo wao kwa wao, fedha ni ile ile inazunguka.

Mtaji ulipatikana kwa likelemba, tuliyotoka nayo Kongo. Tuseme wanawake kumi wanatoa shilingi 1,000 kila mmoja kwa wiki. Wiki hii mmoja anachukua 10,000, wiki ijayo mwingine, kwa zamu. Aliyefiwa au aliyejifungua anaachiwa zamu na mwenzake. Benki haikumjua mkimbizi, lakini wale tisa walimjua, na walijua nyumba yake ilipo. Baadaye vikaja vikundi vya kuweka na kukopa vyenye sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake. Ni jambo jema, ila tusisahau kwamba likelemba ilifika kwanza, tena bila semina.

Upande wa pili ni kazi za mashirika: ualimu, uuguzi, ulinzi, ukalimani, uhamasishaji. Malipo yake yanaitwa motisha, na jina hilo limechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa mshahara lingekuwa jambo jingine kisheria. Sisi walimu tunaishi kwa motisha hiyo. Haitoshi familia, kila mtu anajua. Ndiyo maana mwalimu wa hesabu asubuhi yupo ubaoni na jioni yupo kwenye kinyozi chake. Watoto wengine humcheka. Sisi tunasema huyo ameielewa historia ya kambi kuliko wengi.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Mwaka 2015 walipokuja Warundi zaidi ya 100,000 hapa Nyarugusu, kambi ilijaa kupita kiasi. Mwishoni mwa 2016 ulianza mpango wa kuwapa baadhi ya watu fedha badala ya chakula, na wachuuzi wakachangamka. Mwaka 2017 ukasimamishwa. Mwaka 2018 na 2019 masoko yakafungwa. Bidhaa zikaanza kuuzwa mlangoni kwa mtu na mtu, bei ikapanda, na mafundi wakapoteza wateja wa vijijini. Juni 2023 mgawo ukapunguzwa hadi nusu ya kilokalori 2,100 zinazohesabiwa kumtosha mtu kwa siku. Mgawo ulipopungua, kila kazi ilipungua nao, kwa sababu mtaji wa mama wa dagaa ulitoka humo humo.

Tunasema haya kwa sababu siku hizi tunaambiwa sana juu ya ustahimilivu, kana kwamba ni somo ambalo hatukufundishwa. Ustahimilivu tulikuwa nao mwaka 1997, na tulikuwa nao mwaka 2019. Kilichobadilika kati ya miaka hiyo ni soko. Ardhi na soko vilipokuwapo, kama kule Katumba, mkimbizi alilisha hata wengine. Vilipofungwa, juhudi ile ile ilimwezesha kuishi tu.

Kwa kijana aliyetuuliza swali, tuna jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi vijana wengi walikataa kujifunza ufundi kwa kungoja majina ubaoni ya kwenda Marekani. Walioondoka tunawatakia heri. Lakini Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na katika miezi hiyo hiyo Goma na Bukavu zilitekwa, hata njia ya kurudi nyumbani ikawa nyembamba zaidi. Fundi aliyejifunza kushona wakati akingoja bado anashona. Mwenzake aliyengoja tu hana cha kushika mkononi.

Tumewauliza mafundi wa zamani masharti yao ya kumpokea mwanafunzi. Hawataki ada. Wanataka kijana anayefika mapema, anayefagia kibanda, na asiyetoweka baada ya kujifunza kutia uzi kwenye sindano. Fundi cherehani mmoja wa umri wa baba zetu alituambia anachukua wawili kwa wakati mmoja, na kwamba mmoja wa nafasi hizo iko wazi tangu mwezi uliopita.