Ardhi Iliyo Chini ya Darasa: Historia ya Safu Moja katika Daftari la Mali

Chukua shule yoyote ya msingi ya serikali katika kata ya Wazo, iwe upande wa Madale au Salasala. Kwa mzazi, shule hiyo ni kitu kimoja. Kwa mhasibu wa Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni si kimoja hata kidogo: kuna ardhi, kuna majengo, kuna samani, na lile boma lililoishia kwenye linta huandikwa mahali pake kama ujenzi unaoendelea. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa sekta ya umma, IPSAS 17, ambacho kiliziongoza halmashauri zetu kwa miaka mingi, kilisema wazi kwamba ardhi na jengo ni mali mbili tofauti hata zikipatikana kwa pamoja. Jengo huchakaa, na uchakavu wake hukatwa mwaka hadi mwaka. Ardhi, kwa kawaida, haikatwi uchakavu, isipokuwa machimbo na madampo. (Wakazi wa Wazo hawahitaji kufafanuliwa habari ya machimbo, kilima chao kimekuwa kikiliwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya sitini.)

Mgawanyo huu huonekana kuwa kazi ya makarani. Mimi nauona kuwa historia ya siasa zetu iliyopangwa kwa safu, na safu inayosema mengi kuliko zote ni ile ya ardhi, ambayo mara nyingi ndiyo yenye mapengo.

Mapengo hayo yana asili yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa ardhi usio na ukomo uliorithiwa kutoka enzi ya Wajerumani ulifutwa, na Rais akabaki mdhamini wa ardhi kwa niaba ya umma. Kutokana na msingi huo ukakua msimamo kwamba ardhi tupu haina bei. Chenye thamani ni maendelezo yaliyo juu yake, yaani nyumba, kisima, mnazi. Msimamo huo ulikuwa na hoja ya haki ndani yake, kwani ulikusudia kuwazuia walanguzi. Lakini kwa mtunza daftari ulikuwa na matokeo mengine: angeliandika darasa, asingekuwa na sababu ya kuandika kiwanja. Ni Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, kisha Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, zilizotamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani. Kwa hiyo kiwanja cha shule kilichotengwa zamani kiliingia karne hii bila bei, na mara nyingi bila hati.

Tatizo la pili ni kwamba mwenye daftari mwenyewe hakudumu. Mwaka 1972 mfumo wa Madaraka Mikoani ulizifuta serikali za mitaa. Miji ilifuata muda mfupi baadaye, na Dar es Salaam ikabaki na wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke chini ya mkoa. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya kuzirejesha halmashauri za miji, na mwaka 1982 zikatungwa sheria zinazozisimamia hadi leo. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, ikawekwa Tume chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 zikazaliwa manispaa tatu pamoja na Jiji juu yake. Kati ya mwaka 2015 na 2016 Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Jiji, na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Kila mara wanafunzi waliendelea kuketi kwenye madawati yale yale huku mmiliki akibadilika jina. Gari husafiri na kadi yake, lakini kiwanja kisicho na hati husafiri katika kumbukumbu ya ofisa ardhi ambaye huenda amekwisha kustaafu.

Majengo nayo yana fumbo lake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulijenga madarasa kwa fedha za serikali na wafadhili pamoja na nguvu za wananchi. Anayetafuta gharama katika stakabadhi ataona saruji na mabati; hatawaona waliochimba msingi na kusomba maji. Kiwango hicho kilitoa njia: mali iliyopatikana bila malipo iliandikwa kwa thamani yake halisi ya siku ilipopokewa. Njia hiyo, hata hivyo, huhitaji mthamini, na mthamini hulipwa.

Barabara nitazipitia kwa haraka. Hadi mwaka 2017 zilisimamiwa na halmashauri, na zilikuwa sehemu kubwa ya kundi la miundombinu. Ilipoanzishwa TARURA, usimamizi wake ulihamia huko. Mkazi wa Wazo bado humlalamikia diwani wake kuhusu mashimo.

Wapo wenzangu wanaohofu kwamba kuipa ardhi ya umma bei ni kuiandalia soko. Hofu hiyo naiheshimu, na historia ya ubinafsishaji inaipa uzito. Lakini tazameni kilichotokea pale ilipokosa bei. Eneo la wazi halina paa wala samani, na halina uchakavu wa kukokotoa, kwa hiyo hakuna mhasibu anayelazimika kulitembelea mwisho wa mwaka wa fedha. Ndilo lililovamiwa kwa wepesi zaidi katika mitaa ya Kinondoni na Temeke. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimerudia mara nyingi hoja ya halmashauri kumiliki viwanja na majengo yasiyo na hati, na hoja hiyo husomwa kama dosari ya makaratasi, ilhali mvamizi mwenye barua ya mauziano akifika mahakamani, makaratasi ndiyo yatakayoulizwa.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanze na shule aliyosoma: aombe mstari wake katika daftari la mali za kudumu, asome namba ya kiwanja, ukubwa wake, namba ya hati, kisha achukue futi kamba aende kupima uzio.