Miriamu na Mke Mkushi

Leo nasema hasa na akina mama na mabinti wa Burumba, hapo Busia mpakani, pamoja na jirani zetu wa Malaba. Mnajua jinsi bidhaa zinavyovuka mpaka, kwa lori, kwa baiskeli, hata kwa njia za panya. Iko bidhaa moja inayovuka pamoja na neno lake, nalo neno hilo husema: rangi aliyokupa Mungu haitoshi.

Neno hilo lina historia. Katika miaka ya 1960 krimu za kung'arisha ngozi zilitangazwa sana katika Afrika Mashariki, na nyingine zilikuwa na zebaki. Zebaki huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, kisha hupenya ndani ya mwili na kuharibu figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 wa figo, watu waliovimba miili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu hizo. Wako waliopata nafuu walipoziacha. Lakini mitaani watu walicheka tu, wakasema: uso wa Fanta, miguu ya Coca-Cola! Mimi sikipendi kicheko hicho. Mtu hudharauliwa kwa weusi wake, halafu huchekwa anapojaribu kuuondoa.

Wenye mamlaka nao walijaribu. Huko Tanzania, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na krimu za kujichubua tangu mwanzo wa 1969. Hata siku haijafika, vijana wa kiume walikuwa wakiwasumbua wanawake barabarani pale Kariakoo. Kenya ilikataza vipodozi vya zebaki mwaka 1998. Na Ulaya? Ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake mwaka 1976, lakini sabuni za namna hiyo ziliendelea kusafirishwa kwetu mpaka zilipokatazwa kuuzwa nje mwaka 2003. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Sasa fungua Hesabu, sura ya 12. Musa alikuwa na mke Mkushi. Kushi ni nchi ya kusini mwa Misri, kando ya Mto Naili, ambao unapokea maji ya ziwa letu hili. Miriamu, nabii, aliyeongoza wanawake kwa matari, akanung'unika pamoja na Haruni kwa sababu ya mwanamke huyo. Bwana akasikia. Ndipo Miriamu akawa na ukoma, mweupe kama theluji. Tazama vema: Bwana hakumbadilisha yule Mkushi hata kidogo. Ngozi iliyobadilika ni ya mnung'unikaji.

Asije mtu akamwambia dada aliyejichubua kwamba ana ukoma wa Miriamu. Miriamu ndiye aliyedharau. Dada huyu ndiye aliyedharauliwa. Miriamu wa siku hizi ni shangazi anayemtazama mtoto mchanga na kusema, "Mbona huyu ametoka mweusi hivi?" Ni kamati ya arusi inayochagua wasimamizi weupe ili picha zipendeze. Ni sisi wazee wa kanisa, tunaponyamaza.

Na wewe dada unayeficha kopo chini ya kitanda, ukivimba uso au miguu, nenda hospitali ukamweleze daktari ulichopaka. Usione haya. Mume, usimkemee kwa kujichubua ikiwa juzi ulimsifu mwingine kwa weupe wake mbele yake.

Musa alimlilia Mungu kwa ajili ya dada yake, naye akafungiwa nje ya kambi siku saba. Yule mke Mkushi hatuambiwi alisema nini siku hizo. Tunaambiwa tu kwamba watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa ndani.